Kutunga, kusuka, waya au karatasi: kazi ipi ya mapambo itakaa na ratiba yako Arusha au Moshi

Juu ya kabati, katika nyumba nyingi, kuna kopo la biskuti lenye nusu fungu la shanga, bangili iliyoishia katikati na sindano iliyoota kutu. Mwenye kopo hakuwa mvivu. Alichagua kazi kwa macho: aliona pambo zuri, akanunua vifaa vyake, kisha akagundua kwamba kazi ile inadai saa mbili za utulivu, wakati maisha yake yanampa dakika ishirini baada ya vyombo kuoshwa na ishirini nyingine kabla watoto hawajaamka.

Mtu mwenye ajira na familia hakosi muda kabisa. Muda anao, ila umekatwakatwa. Kwa hiyo swali linalofaa kuulizwa kwanza ni hili: kazi ikiachwa ghafla, inabaki salama au inavurugika? Hapa tunalinganisha kazi nne ambazo mtu wa Arusha au Moshi anaweza kuzianza bila karakana: kutunga shanga kwenye uzi, kusuka shanga kwa sindano, kukunja waya, na kutengeneza shanga za karatasi.

Vigezo

Tunazipima kwa mambo sita, kwa mpangilio uleule kila mara.

Muda: kipande kimoja kinachukua muda gani mpaka kivaliwe. Kukatizwa: umeme ukikatika, mtoto akilia au simu ya kazini ikiita, unapoteza nini. Hiki ndicho kigezo kizito kuliko vyote. Vifaa: vitu gani na kiasi gani, bei tumeziacha kwa sababu hubadilika kila mzigo mpya unapoingia dukani. Watoto: hatari ipo wapi, na wao wanaweza kusaidia wapi. Safarini: kazi inabebeka, na pambo lililokamilika linastahimili maji, jasho na vumbi? Mwisho, kinachoharibika na sababu yake.

Kabla ya kusoma mbele, chukua wiki moja uandike vipande vyako halisi vya muda. Usiandike "Jumamosi yote". Jumamosi ina kufua, kikao cha vikoba, msiba wa jirani. Andika dakika ulizokaa kweli bila kuitwa. Wengi watakuta vipande vingi vya dakika 15 hadi 30, kimoja au viwili vya saa nzima, na nusu siku labda mara moja kwa mwezi.

Kalenda nayo ni muhimu. Masika, Machi hadi Mei, huweka watu ndani, na waongoza watalii na wapagazi wengi huwa nyumbani kwa sababu msimu umelala. Kipupwe, Juni hadi Agosti, ni baridi na kikavu. Watoto hupata likizo ya Juni, na ndio wakati mzuri wa matembezi kwa familia, ingawa kwa walio kwenye utalii ndio wakati wa kutoonekana nyumbani. Septemba bado ni kavu, ndiyo nafasi ya mwisho ya kutoka kabla ya vuli. Halafu Desemba, barabara zote zinaelekea nyumbani kwa Wachaga. Kazi ya mkono inayopuuza kalenda hii itakushinda hata kama unaipenda.

1. Kutunga shanga kwenye uzi

*Muda.* Ndiyo ya haraka kuliko zote. Bangili ya mpira yenye shanga za milimita 8 hutumia shanga kama 22 na dakika 20 hadi 30. Mkufu wa sentimita 45 wa shanga za milimita 4 hutaka shanga kama 110 na saa moja. Shanga za kiuno ni jambo jingine: sentimita 90 za shanga ndogo za namba 11 ni karibu shanga 600, na hapo panga jioni mbili.

*Kukatizwa.* Inavumilia vizuri sana, kwa sharti moja: bana ncha ya uzi kabla hujainuka. Kibanio cha nguo kinatosha. Bila kibanio, shanga zote zitakuwa chini ya kochi.

*Vifaa.* Uzi wa mpira wa milimita 0.8, mshipi wa kuvulia samaki au waya laini uliofunikwa plastiki, vibano vidogo vya chuma vya kubania ncha za waya, vifungio, plaizi moja ya mdomo bapa, mkasi. Tandika mezani kipande cha shuka ya Kimasai ya rangi moja. Shanga hazitembei juu ya kitambaa kizito, na rangi moja nyuma yake inakusaidia kuona tundu. Shanga zenyewe zinapatikana katika maduka ya mapambo na vifaa vya kushonea mjini, na Arusha pia uliza kwa akina mama wanaouza kazi zao Soko la Wamasai, barabara ya Fire. Wengi wao wanajua duka lenye rangi zilizo sawasawa na lipi linachanganya.

*Watoto.* Kuanzia miaka mitano hivi mtoto anaweza kutunga shanga kubwa na akafurahi. Walio chini ya miaka mitatu wasiwe karibu kabisa: shanga humezwa, huingia puani, huingia masikioni. Vifungio vya sumaku usivitumie katika nyumba yenye mtoto mdogo. Sumaku mbili zikimezwa hushikana kupitia kuta za utumbo na kuutoboa.

*Safarini.* Inabebeka ndani ya hotpoti dogo. Kwenye Coaster ya Arusha na Moshi, kilomita 80 zenye matuta, unaweza kutunga shanga za milimita 8, si ndogo zaidi. Pambo likishakamilika, la mshipi au la waya uliofunikwa linaweza kuingia majini. La mpira livuliwe.

*Kinachoharibika.* Bangili ya mpira hukatika kwa sababu tatu. Ya kwanza, uzi haukuvutwa kabla ya kutungwa. Uvute kwa nguvu mara tano au sita kwanza, la sivyo bangili italegea ndani ya wiki na uzi utaonekana kati ya shanga. Ya pili, matundu ya shanga za kioo yana kingo kali zinazosugua. Shanga yenye tundu lililomeguka itupe. Ya tatu ni gundi ya kukauka papo hapo: hufanya mpira kuwa mkavu na mgumu pale kwenye fundo, na hapo hapo ndipo unapokatikia. Funga fundo kwa kupitisha uzi mara mbili badala ya mara moja, kaza, rudia upande wa pili, kisha tumia tone la gundi inayobaki laini. Kwa mikufu, kosa ni kubana kibano kupita kiasi mpaka kikate waya, au kusukuma shanga mpaka mkufu usimame kama fimbo. Acha nafasi ya milimita mbili.

2. Kusuka shanga kwa sindano

Hii ndiyo kazi yenye utajiri, na tutaikalia kidogo. Hapa kaskazini haihitaji kutambulishwa: mikufu bapa ya Wamasai, inayotungwa kwenye waya na kushikiliwa na vipande vya plastiki vilivyotobolewa badala ya ngozi ya zamani, imefanya watu wengi watamani kujifunza. Ukitaka mbinu hiyo hasa, jifunze kwa mwenye nayo na umlipe muda wake. Tunayoeleza hapa ni mbinu ya kuanzia nyumbani, mshono wa tofali, ambamo kila shanga hukaa kati ya mbili za mstari uliotangulia kama tofali ukutani.

*Muda.* Bangili yenye upana wa shanga 10 na urefu wa sentimita 17, kwa shanga za namba 11 ambazo kila moja ina unene wa kama milimita 2, hutaka karibu shanga 800. Ni gramu 7 hadi 8 tu, lakini kila moja utaipitisha sindano. Anayeanza ahesabu saa tano au sita, aliyezoea, tatu. Wengi hukata tamaa kwenye mistari minne ya kwanza, kwa sababu kazi bado haina umbo na inajipinda kama mnyoo. Vumilia mpaka mstari wa sita. Kuanzia hapo inashika na mkono unapata mwendo wake.

*Kukatizwa.* Watu hudhani kazi ndefu haiwezi kukatizwa. Si kweli kwa kusuka. Kila shanga ikishapita na uzi ukakazwa, imefungwa. Ukiacha katikati ya mstari utakuta kazi pale pale, hata baada ya mwezi. Kinachopotea ni hesabu ya pambo: ulikuwa kwenye bluu ya tatu au ya nne? Kwa hiyo maua na pembe zinazopishana zichorwe kwanza kwenye daftari la miraba, na kila mstari uliokwisha upigiwe alama ya penseli. Akina mama wa Monduli na Longido husuka huku wakizungumza, wakiangalia mbuzi, wakinyonyesha. Wao hesabu wanayo kichwani kwa miaka mingi. Wewe kwa sasa unahitaji daftari.

*Vifaa.* Sindano za shanga namba 10 au 12, nunua tatu maana hupinda. Uzi wa nailoni mwembamba. Kipande cha nta ya nyuki: pitisha uzi juu yake mara mbili, hautajisokota hovyo. Shanga za Jamhuri ya Czech huuzwa kwa mafungu ya nyuzi 12, na ndizo wasukaji wengi wa Kimasai wanazozipenda. Uzi kata pima moja, yaani urefu wa mikono yako miwili ikinyooshwa. Kwa bangili ile ya shanga 800 utaunganisha pima nyingine kila moja inapokwisha. Usikate ndefu zaidi ili kuepuka kuunganisha. Utatumia muda mwingi kufungua mafundo kuliko kusuka.

Kitu cha tano ni mwanga, na nacho ni kifaa. Umeme ukikatika, tochi ya simu hutupa kivuli kikali cha mkono wako juu ya kazi. Taa ya sola iliyowekwa upande wa kushoto kwa anayetumia mkono wa kulia ni nafuu ya kweli. Aliyevuka miaka arobaini na anayeona herufi za dawa kwa kuzisogeza mbali aanze na shanga namba 8, milimita 3, au apime macho kwanza. Kichwa kikiuma kila ukisuka, tatizo linaweza kuwa miwani.

*Watoto.* Sindano. Hesabu idadi yake unapofungua kopo na unapolifunga. Weka sumaku ya spika iliyokufa ndani ya kopo: sindano zitaishikilia, na ikidondoka moja kwenye zulia, sumaku hiyo hiyo itaiokota. Mtoto wa miaka kumi anaweza kujifunza vizuri, hasa akipewa kupanga rangi.

*Safarini.* Ndani ya gari, hapana. Mkiwa mmetulia, ndiyo: kivulini kando ya Ziwa Duluti, au mkisubiri wengine waogelee kwenye chemchemi ya Chemka. Beba sehemu moja tu ya kazi, na shanga za mistari michache kwenye kifuniko chenye kitambaa. Upepo ukipindua kopo zima, siku imeisha. Pambo lililosukwa kwa nailoni huvumilia maji ya mara moja moja. Jasho la kila siku hulichosha.

*Kinachoharibika.* Ukingo unaopinda unatokana na mambo mawili: kukaza kusiko sawa, na shanga zenye unene tofauti. Kabla hujaanza, mwaga shanga na utoe zile nene sana na nyembamba sana. Katika fungu la bei nafuu utaondoa kiasi cha kusikitisha. Uzi unaokatika karibu na kifungio umesuguliwa na chuma, kwa hiyo sehemu ya kifungio ipitishwe uzi mara nne. Rangi nayo hudanganya. Waridi na zambarau za bei ya chini mara nyingi zimepakwa tu juu. Weka shanga kumi katika maji ya sabuni ya vuguvugu usiku mzima, kumi nyingine dirishani penye jua kwa wiki. Zikipauka, umeokoa saa sita.

3. Kukunja waya

*Muda.* Jozi ya kwanza ya hereni itakuchukua saa mbili na hutaipenda. Ya kumi itachukua dakika 35. Kazi hii hulipa mazoezi kuliko nyingine zote.

*Kukatizwa.* Hapa ndipo waya unapotofautiana na uzi. Kila hatua ni fupi: kata, lainisha ncha, kunja kitanzi, zungusha mara tatu. Ukiitwa kati ya hatua na hatua, hakuna kinachopotea. Ukiitwa katikati ya kitanzi, ukaacha na kurudi kukinyoosha upya, waya unakuwa umeanza kukakamaa. Shaba inayokunjwa na kunjuliwa huwa ngumu zaidi kila mara, na mwisho hukatika. Kwa hiyo maliza kitanzi, ndipo uitike. Sekunde kumi.

*Vifaa.* Plaizi tatu: ya mdomo wa duara, ya mdomo bapa isiyo na meno, na ya kukatia. Plaizi ya fundi umeme yenye meno itaacha makovu juu ya waya. Ukiwa nayo hiyo tu, ifunge utepe. Tupa ndogo ya kulainishia ncha, au msasa laini. Kwa waya wenyewe, mji umejaa malighafi nzuri ambayo watu hawaioni. Waya wa umeme wa 2.5 (milimita za mraba), ule wa nondo moja ndani, una unene wa milimita 1.8 hivi na hufaa bangili, wa 1.5 una milimita 1.4 na hufaa fremu za vidani. Kebo ya intaneti ina nyaya nane za milimita 0.5, saizi nzuri ya kuzungushia. Lakini kwangua kwanza kwa kisu: ikionekana nyeupe ndani, ni alumini iliyopakwa shaba, na itakatika kwenye mkunjo wa pili. Nunua kipande kwa mita dukani au mabaki kwa fundi unayemfahamu. Shaba isiyojulikana ilikotoka iache, maana nyaya huibwa na mnunuzi naye huingia matatani. Toa plastiki kwa kisu, usiichome; moshi wake ni sumu.

Ndoano za hereni zinahitaji milimita 0.8, sentimita 5 kila moja, na ncha iliyolainishwa mpaka haikwaruzi shavu. Usitumie chuma cha bei rahisi kwa ndoano. Mara nyingi kina nikeli, na masikio mengi huvimba na kuwasha kwa nikeli. Fedha yenye alama ya 925 au chuma cha pua cha 316L ni salama zaidi. Sehemu inayoning'inia inaweza kubaki ya shaba.

*Watoto.* Vipande vinavyokatwa huruka. Elekeza ncha chini, funika kwa kiganja, vaa miwani. Fagia kabla mtoto hajatambaa. Watoto wa miaka minane na zaidi hupenda kugonga bangili kwa nyundo, na kugonga kunaigumisha kwelikweli, kwa hiyo wanasaidia. Kitako cha pasi ya mkaa iliyogeuzwa ni fuawe nzuri.

*Safarini.* Plaizi tatu ni nzito, lakini hakuna kinachomwagika, na mwanga wa kawaida unatosha. Shaba hustahimili maji ila hubadilika rangi, na huweza kuacha alama ya kijani mkononi. Alama hiyo haina madhara kwa wengi. Sugua pambo kwa ndimu na chumvi, suuza kwa sabuni, kausha kabisa.

*Kinachoharibika.* Waya ukikakamaa kabla hujamaliza, uchome juu ya jiko la gesi kwa koleo refu mpaka uwe mwekundu hafifu, kisha uchovye majini. Utakuwa laini tena. Bangili isiyofungika ipimwe hivi: mzingo wa kifundo cha mkono, toa sentimita 2.5 za mlango. Ikiwa ndefu zaidi, itazunguka na kudondoka.

Watu wa hapa wataulizia tanzanite, na ni haki yao: jiwe hili lilipatikana Mererani mwaka 1967 na halijachimbwa kibiashara popote pengine. Lakini si jiwe la mwanafunzi. Ugumu wake ni kati ya 6 na 7 kwenye kipimo cha mawe cha 1 hadi 10, na lina upande mmoja ambao hupasuka kirahisi likigongwa. Usigonge nyundo karibu nalo, usilipashe moto. Jifunze mwaka mzima kwa kioo, na ukifika wakati, nunua kwa mwenye leseni anayetoa risiti.

4. Shanga za karatasi

*Muda.* Kukunja shanga moja ni dakika mbili, ishirini ni dakika arobaini. Lakini kuna siku mbili hadi tatu za kusubiri zikauke, na wakati wa masika zaidi. Kwa aliye na haraka ya zawadi ya keshokutwa, hii si njia.

*Kukatizwa.* Hakuna kazi inayovumilia zaidi. Kila shanga ni kazi kamili. Ukiacha baada ya ya saba, una saba.

*Vifaa.* Kalenda ya mwaka jana au jarida lenye karatasi inayong'aa, mkasi, rula, gundi nyeupe iliyozimuliwa kidogo, vijiti vya meno, vanishi safi. Chora pembetatu ndefu: kitako sentimita 2.5, urefu sentimita 29. Karatasi moja ya A4 hutoa kama 15. Anza kukunja kwa kitako, gundi kuanzia nusu ya urefu. Chomeka vijiti kwenye kipande cha gogo la mgomba, ambacho Moshi hakikosekani, kisha paka vanishi mara tatu, kila tabaka likauke kwanza.

*Watoto.* Hii ndiyo kazi ya familia nzima. Mdogo anachagua rangi, wa kati anakunja, mkubwa anakata. Vanishi abaki nayo mtu mzima, nje au dirishani.

*Safarini.* Kukunja kunawezekana popote penye meza, hata baraza la wageni kijijini. Pambo lenyewe haliwezi maji. Hata likipakwa vanishi, kuoga nalo Chemka kutalifungua kuanzia kwenye tundu, mahali ambapo vanishi haikufika.

*Kinachoharibika.* Shanga zinazofunguka zilikunjwa kwa ulegevu. Zenye madoa meupe zilipakwa vanishi gundi ikiwa bado mbichi.

Neno kuhusu kuokota vitu kwenye matembezi

Familia ikitoka Materuni au Marangu, mtu hurudi na mbegu mfukoni akifikiria shanga. Mawili ya kujua. Ndani ya hifadhi, kama Hifadhi ya Arusha, hairuhusiwi kuondoka na mbegu, jiwe, unyoya wala mfupa. Na nje ya hifadhi, jihadhari na mbegu ndogo nyekundu zinazong'aa zenye doa jeusi upande mmoja. Zinavutia sana, nazo ni sumu kali: ikitobolewa au kutafunwa, hata moja inaweza kuua mtoto. Mbegu za kijivu zinazoota kwenye majani marefu kando ya maji, zenye tundu la asili katikati, ndizo za kutafuta. Omba ruhusa ya mwenye shamba.

Uchague vipi

Una mtoto chini ya miaka mitatu na unafanya kazi siku nzima. Karatasi, au waya baada ya mtoto kulala na sakafu kufagiwa. Shanga ndogo na sindano zisubiri.

Unafanya zamu, kama wauguzi na walinzi. Kusuka kutakufaa kuliko unavyodhani, kwa sababu siku ya mapumziko inakupa saa ndefu, na kazi haiharibiki ikilala siku nne. Usisuke mara baada ya zamu ya usiku. Macho yaliyochoka hukaza uzi vibaya, na kesho utafumua.

Mmoja wenu yuko kwenye utalii. Gawanya mwaka. Masika, wakati mko wote nyumbani, anzeni kipande kirefu cha kusuka. Kuanzia Juni, anayebaki na watoto peke yake ahamie kwenye kutunga au karatasi, na asijilaumu kwa kuacha kile kirefu kabatini mpaka mvua zirudi. Kimelala tu.

Una watoto wa shule na mnatoka sana likizo ya Juni na Septemba. Tungeni pamoja jioni kabla ya safari, na pambo la kila mtoto litungwe kwa mshipi, si kwa mpira, ili livuke maji. Waya uende na mzazi anayekaa kivulini kulinda mizigo.

Macho yamepungua nguvu, mikono bado imara: waya. Mikono inauma kwenye viungo lakini macho mazuri: kutunga, maana plaizi hudai nguvu ya vidole, na baridi ya Julai hukaza viungo zaidi.

Unataka kuuza kidogo ili kazi ijilipe. Hereni za waya zina mzunguko wa haraka na malighafi kidogo. Bangili za kusuka huthaminiwa zaidi, lakini gawanya bei kwa saa sita kabla hujamwahidi mteja kumi. Usiahidi kitu cha karatasi wakati wa mvua.

Umebanwa kati ya mbili na huwezi kuamua. Nunua vifaa vya bangili moja tu: shanga 30, mita moja ya uzi wa mpira. Na kwa upande wa waya, mita moja ya 1.5 na plaizi ya kuazima. Fanya kila moja kwa wiki mbili, ndani ya vile vipande vya muda ulivyoandika daftarini. Ile uliyoifungua mara nyingi zaidi, hata kwa dakika kumi, ndiyo ya kununulia kopo.

Na kama Desemba unapanda kijijini, kata pembetatu za karatasi mia mbili mwishoni mwa Novemba, zifunge kwa mpira na ubebe chupa ndogo ya gundi. Kule kuna mikono mingi ya watoto, meza ndefu, na gogo la mgomba nyuma ya nyumba. Vanishi mtapaka mkisharudi mjini.